Kikosi kipya kinapoingia sokoni

BUJUMBURA – Septemba ikikaribia, meza za soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi, hubadilika sura. Madaftari na sare za kaki husogezwa mbele, na juu yake huning'inizwa mabegi ya shule, mengi yakiwa na picha za mashujaa wa sinema. Mama anayekuja kununua hukagua zipu na mshono. Mtoto hukagua picha, na mara nyingi mtoto ndiye anayeshinda.

Kwa mwenye meza, picha hiyo ni hesabu ya mtaji. Mabegi mawili ya kitambaa kimoja, zipu moja na bei moja ya jumla yanaweza kwenda njia tofauti kabisa. Lenye Spider-Man linaisha kabla shule hazijafunguliwa. Lenye kikosi kisichojulikana linadoda hadi mwaka unaofuata, rangi ikipauka kwa jua na vumbi. Mzigo ulisafiri pamoja kutoka Kariakoo hadi Kabanga na Kobero, au kwa meli kutoka Kigoma, na gharama za njiani zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni uamuzi uliofanywa miaka kadhaa nyuma, mbali sana na Ziwa Tanganyika, na watu wanaoandika filamu: namna walivyomleta mgeni wao mbele ya watazamaji.

Uamuzi huo una historia, na mfanyabiashara anayeijua anaweza kuokoa fedha.

Mmoja mmoja, kisha wote

Kinachoitwa ulimwengu wa filamu ni filamu nyingi zinazosimulia dunia moja. Anayekufa katika hii hawezi kuonekana mzima katika ile bila maelezo, na mtu aliyepita dakika mbili tu mwaka huu anaweza kuwa steringi wa filamu ya mwakani. Kumwingiza mgeni mmoja katika dunia ya namna hiyo ni kazi. Kuingiza kikosi kizima kwa mkupuo ni kazi nzito zaidi, na kampuni tajiri kuliko zote zimewahi kuanguka hapo.

Marvel ya Marekani ilianza polepole. Mwaka 2008 ilitoa Iron Man, habari ya mtu mmoja mwenye deraya ya chuma. Mwaka huohuo akaja Hulk, na mwaka 2011 wakafuata Thor na Captain America, kila mmoja na filamu yake. Hata wadogo walipitishwa mlango wa nyuma: Black Widow alionekana kwanza ndani ya Iron Man 2 mwaka 2010, na Hawkeye alichungulia ndani ya Thor. Kikosi chao, Avengers, kilipokusanyika mwaka 2012, hakuna mtazamaji aliyehitaji kuuliza fulani ni nani. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.5.

Mwenye duka lolote anaujua mtindo huu. Sabuni mpya huanza kama nyongeza iliyofungwa pamoja na ile inayouzika, na mteja akishaizoea ndipo inapopewa rafu yake.

Washindani wao, DC, walitaka kufika palepale kwa njia fupi. Katika filamu ya mwaka 2016 iliyowakutanisha Batman na Superman, mashujaa watatu wapya, yaani Flash, Aquaman na Cyborg, walioneshwa harakaharaka kama picha kwenye faili la kompyuta. Mwaka uliofuata wakatakiwa kubeba Justice League pamoja na wakubwa wao. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 300 na kuingiza kama milioni 660 duniani. Kwa asiyejua hesabu za sinema hiyo inaonekana faida, lakini majumba ya sinema huchukua sehemu kubwa ya tiketi, na matangazo ni gharama nyingine. Ulimwengu ule haukupona vizuri, na DC ikaanza upya kabisa na Superman ya mwaka 2025.

Kanuni ya mmoja mmoja ingekuwa sheria kama si kundi moja la wahuni wa angani. Agosti 2014 Marvel ilitoa Guardians of the Galaxy: mnyama mdogo mwenye bunduki, mti unaotembea, jitu lisiloelewa mafumbo, binti aliyelelewa na adui, na mwizi mmoja mwenye kaseti za muziki wa zamani. Wachache sana nje ya wasomaji wa vitabu vya katuni waliwahi kuwasikia. Hakuna hata mmoja wa watano hao aliyekuwa na filamu yake kabla ya hapo. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 770.

Sababu ilikuwa rahisi kuliko inavyosemwa. Wengi wa wale watano hawakujuana. Mtazamaji aliwajua kwa kasi ileile waliyojuana wao kwa wao, gerezani, wakigombana. Kisha kundi lilikaa mbali, upande mwingine wa anga, na halikukutana na Avengers mpaka mwaka 2018, likiwa limeshapata wapenzi wake lenyewe.

Mlikuwa wapi?

Novemba 2021 ilileta jaribio kubwa kuliko yote. Eternals, iliyoongozwa na Chloé Zhao, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametwaa tuzo ya Oscar kwa Nomadland, iliingiza mashujaa kumi kwa siku moja. Na hawakuwa wageni kutoka mbali. Filamu inasema wamekuwa hapa duniani kwa miaka 7,000.

Swali likajileta lenyewe, na mtoto yeyote wa Buyenzi angeliuliza: kama mlikuwepo, mbona adui Thanos alipofuta nusu ya viumbe wote hamkunyanyua hata mkono? Filamu inajibu kwamba walikatazwa kuingilia migogoro ya binadamu. Ni jibu la ofisini. Linafunga faili, lakini halimfanyi mtu ampende anayelitoa. Tena majina kumi ni mengi. Kufikia anapomkumbuka wa sita, mtazamaji ameshamsahau wa pili. Filamu iliingiza takriban dola milioni 400, kiasi kidogo kwa kampuni iliyokuwa imezoea mabilioni, na wale kumi hawakupewa filamu ya pili ya kikosi chao.

Waandishi walijifunza, maana vikosi viwili vya mwaka 2025 vilikwepa swali hilo kwa njia mbili tofauti. Thunderbolts*, iliyotoka Mei, ilikusanya masazo: watu waliowahi kuonekana pembeni katika filamu na tamthilia za nyuma, wengine wakiwa maadui, na mwisho wake wakabatizwa jina la Avengers wapya. The Fantastic Four: First Steps, iliyotoka Julai, iliwaweka wahusika wake wanne katika dunia nyingine kabisa inayofanana na miaka ya 1960, ambako hakuna shujaa mwingine wa kuulizwa alikuwa wapi. Ya kwanza iliingiza kama dola milioni 380, ya pili kama 520. Si hasara ya kufunga duka. Lakini Avengers za zamani zilivuka hapo mapema sana.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa Cotebu au Ruvumera anapotofautiana na kampuni ya filamu. Kampuni ikikosea kikosi kimoja, ina filamu nyingine zaidi ya thelathini zinazoendelea kuiletea fedha. Mwenye meza aliyeweka mtaji wa msimu mzima kwenye mabegi ya kikosi kisichopendwa hana filamu ya pili. Na Bujumbura ni mji unaojua maana ya mtaji kuteketea: Soko Kuu lilipoungua Januari 2013, wengi walianza upya kwenye masoko ya mitaa wakiwa hawana kitu mkononi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mfano bora wa kuingiza kikosi kipya haukufanyika kwenye filamu. Ulifanyika kwenye karatasi mwaka 1975, na una mkono wa Afrika Mashariki ndani yake.

Kitabu cha katuni cha X-Men kilianzishwa mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby. Hakikuuzika sana. Kufikia mwaka 1970 wachapishaji walikata tamaa ya kukiandikia hadithi mpya, wakawa wanarudia kuchapa zile za zamani. Kwa miaka mitano msomaji aliuziwa mzigo uleule kwenye karatasi mpya. Ndipo mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walipotoa toleo kubwa lenye kikosi kipya: mmoja kutoka Ujerumani, mmoja kutoka shamba la Siberia, mwingine Kanada, mwingine Japani, mwingine Ireland, mwingine wa kabila la Apache la Marekani. Na mmoja, mwanamke anayeamuru mvua na radi, alikutwa Kenya, akiabudiwa na wenyeji kama mungu. Ndiye Storm, jina lake halisi Ororo, ambaye hadithi za baadaye zilieleza kuwa mama yake ni Mkenya. Alipofika kwenye sinema mwaka 2000, aliigizwa na Halle Berry.

Mambo mawili katika toleo lile yanafaa kuangaliwa na mtu wa biashara. Kwanza, kati ya wale saba, watatu walikuwa wameshapita katika vitabu vingine. Mzigo ulichanganywa, mpya na unaojulikana. Pili, na hili ndilo kubwa, wageni wale hawakuletwa ili waonekane. Waliitwa kwa sababu kikosi cha zamani kilikuwa kimenaswa kisiwani, na bila wao kingeangamia. Mgeni aliingia mlangoni akiwa na kazi mkononi. Hakuna aliyeuliza alikuwa wapi, kwa kuwa kila mtu aliona kwa nini amekuja.

Mmoja wao, yule Mwapache, alikufa muda mfupi tu baadaye, jambo ambalo lingezua fujo katika kibanda chochote cha video ambako inajulikana kuwa steringi hafi. Lakini X-Men ikainuka kutoka kaburini na kuwa miongoni mwa vitabu vya katuni vilivyouzwa zaidi Marekani.

Marvel ilitumia akili hiyohiyo kuileta Wakanda kwenye sinema. T'Challa alitambulishwa mwaka 2016 ndani ya filamu ya Captain America, akiwa mtoto anayemfuatilia muuaji wa baba yake. Ndani ya filamu hiyohiyo alikuwepo mlinzi wake, Ayo, aliyeigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Alisema maneno machache sana, na watu wakayakumbuka. Black Panther ilipotoka Februari 2018, kikosi kizima cha wanawake walinzi, Dora Milaje, hakikuwa kigeni tena. Kisumu, mji wa nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, uliioneshwa filamu hiyo mapema, na duniani ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Zile fulana nyeusi zenye maandishi ya Wakanda zilipita masokoni kwa miaka.

Anayetambulisha kwa kweli

Yote hayo ni habari ya siku filamu inapotoka Marekani. Bujumbura tarehe hiyo haina uzito mkubwa. Filamu huwafikia wengi baadaye, kwa flashi, kwa simu, kwa banda la video, na mara nyingi ikiwa na sauti ya mtu wa pili juu ya sauti za waigizaji.

Mtu huyo ndiye mtambulishaji halisi. Tanzania ilimjua Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Rwanda, filamu zilizotafsiriwa huitwa agasobanuye, na marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, alikuwa miongoni mwa waliozifanya zipendwe. Kwa kuwa Kirundi na Kinyarwanda vinaelewana, na Buyenzi ni mtaa wa Kiswahili tangu zamani, mtazamaji wa Bujumbura anaweza kumfuata mtafsiri wa upande wowote wa mpaka. Ni soko la pamoja lililojijenga bila mkataba.

Mtafsiri mzuri hufanya kwa sentensi moja kile ambacho waandishi wa Eternals walishindwa kwa saa mbili na nusu. Shujaa mpya akitokea, anampa jina la utani, anamfananisha na mtu anayejulikana mtaani, anasema huyu hasira zake zinatoka wapi na kwa nini asichezewe. Akimpenda mhusika, banda lote linampenda. Akimchoka, anamdhihaki hadi mwisho, na begi lenye picha yake limeshaharibikiwa soko.

Kwa hiyo kuna pengo la miezi, wakati mwingine zaidi, kati ya siku kiwanda cha Uchina kinapochapa picha ya kikosi kipya na siku mtoto wa Bwiza anapojua majina yao. Anayenunua mzigo wakati matangazo yamepamba moto huko ng'ambo anaweza kuwa amefika sokoni kabla ya wateja wake. Njia nyepesi ya kupima ni ileile ya bei nafuu: kusikiliza watoto wanajiita nani wanapocheza barabarani. Orodha hiyo haidanganyi.

Picha na forodha

Lipo jambo jingine, nalo linauma zaidi ya begi kudoda. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka bidhaa bandia za kila aina katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku kuingizwa. Sura ya Spider-Man ni mali ya mtu kama ilivyo nembo ya simu au ya viatu, na begi lililochapwa bila idhini ya mwenye sura hiyo linaweza kumtia matatani aliyelibeba, hata kama alilinunua dukani kwa risiti na kwa nia njema. Hatari hiyo inaongezeka kwa vikosi vipya, maana watengenezaji wa kughushi hukimbilia kuchapa mapema.

Tena cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile ambacho huwapunguzia mzigo wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa ajili ya vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya. Begi la Uchina halibadiliki uraia kwa kununuliwa Kariakoo au Kampala. Anayevuka Kobero, au Mugina akitokea Manyovu, akidhani kuwa ununuzi wa ndani ya Jumuiya unatosha, hujikuta akipiga hesabu upya mbele ya dirisha la forodha.

Ndiyo maana wazo la mashujaa wa huku si la kizalendo tu. Mafundi cherehani wa Buyenzi wanaweza kushona begi la shule, na likikidhi masharti ya uasili, linavuka mpaka kwa cheti hicho. Kinachokosekana ni sura ya kuweka mgongoni, sura ambayo mtoto wa Uvira, wa Kigoma na wa Ngozi ataililia kwa pamoja.

Majaribio yapo karibu. Zambia, ambako meli za Bujumbura hutia nanga Mpulungu, ilitoa wasichana wanne wa Lusaka katika katuni ya Supa Team 4 iliyobuniwa na Malenga Mulendema na kuoneshwa na Netflix Julai 2023. Mwezi huohuo Disney ilitoa filamu fupi kumi za Kiafrika kwa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na ndani yake zimo kazi za Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Miaka miwili kabla, Super Sema ya Kenya ilikuwa imeshampa msichana wa kijijini uwezo wa kupambana na mtawala wa roboti kwa sayansi. Burundi nayo si ngeni kwenye kamera: Léonce Ngabo alitengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992, na Bujumbura ina tamasha lake la filamu, FESTICAB.

Ukitazama vizuri, ulimwengu uliokwisha kuzoeleka upo tayari, nao haujasajiliwa na kampuni yoyote. Warundi wanamjua Samandari, mjanja asiyeshikika kwa neno. Waluo wanamjua Lwanda Magere, aliyekuwa jiwe mwilini na laini kivulini. Pwani inamjua Fumo Liyongo, aliyeogopwa na jeshi zima na kuuawa kwa sindano kitovuni na mwanawe. Kila mmoja ameshatambulishwa na bibi na babu kwa karne nyingi, mmoja mmoja, kama Iron Man na Thor. Aliyebaki ni wa kuwaita pamoja na kuwapa kisiwa cha kuokoa, na katika Ziwa Tanganyika hakuna upungufu wa mambo yanayohitaji kuokolewa.

Kwa sasa, macho ya wenye meza yako kwenye tarehe nyingine. Marvel imepanga kutoa Avengers: Doomsday tarehe 18 Desemba 2026, na imeshatangaza kuwa ndani yake watakutana Avengers wa zamani, Thunderbolts, Fantastic Four, watu wa Wakanda na baadhi ya X-Men wa sinema za mwanzo. Watu wengi namna hiyo kwenye picha moja ni raha kwa mchapaji na mtihani kwa mnunuzi wa jumla, kwa kuwa haijulikani ni sura ipi mtoto ataikumbuka. Desemba pia shule huwa zimeshafunguliwa miezi mitatu nyuma. Fulana za Noeli zinaweza kujaribiwa kwa idadi ndogo, nazo ziwe za sura za zamani. Mabegi yanaweza kusubiri watafsiri wamalize kazi yao, yanunuliwe Julai 2027.